Ukuta Uliomjibu Mama

Niliagiza uji kupitia ukutani. Hilo ndilo jambo la kipuuzi nililolifanya, na ninalikiri hapa mwanzoni ili msilisikie kwa watu wengine, maana hapa Shinyanga wapo wanaolisimulia mpaka leo huku wakiongeza chumvi kila wanapofika kwenye kilabu cha pombe. Wengine eti nilijigeuza mzimu. Sikujigeuza kitu chochote. Nilichuchumaa nyuma ya benchi la mwisho katika ukumbi mpya wa muziki, nikalipa jukwaa mgongo, nikauelekea ukuta wa nyuma, nikasema kwa sauti ya babu mwenye kikohozi: "Tumechoka na nyimbo! Tuleteeni uji!"

Kule mbele, hatua zaidi ya arobaini kutoka pale nilipojificha, mama yangu alikuwa amesimama jukwaani na wenzake nyuma yake. Akaisikia sauti ile kama vile nimemwekea mdomo sikioni.

Lazima niwaambie mama yangu ni nani. Ni manju. Wanawake wa kijiji chetu wakipalilia pamba au wakipura mtama, yeye ndiye anayeanzisha wimbo na wenzake wanaitikia. Na kwetu anayeanzisha haigusi mistari inayofuata mpaka waitikiaji wamalize kabisa. Ukiwakatiza umewatukana, sawa na kumpokonya mgeni bakuli kabla hajameza. Mama amelelewa hivyo, na amewalea wenzake hivyo. Kwa hiyo aliposikia babu akisema kutoka hewani, alifunga mdomo, akasubiri babu amalize. Akasubiri tena, asije akawa anavuta pumzi. Kisha, kwa adabu zake zote, akauliza: "Uji wa mtama au wa uwele, baba?"

Wanawake kama wanane walitoka mbio kwa mlango wa pembeni. Mmoja aliacha kanga, mwingine aliacha njuga moja. Nami nilicheka mpaka nikapiga kichwa kwenye benchi, na kicheko hicho ndicho kilichonitia mikononi mwa karani wa kamati ya ukumbi.

Karani huyu ni mtu wa kaptura iliyopigwa pasi hadi inaweza kusimama bila yeye kuwamo. Alinishika sikio, akaninyanyua nalo.

"Ni wewe uliyekuwa ukijibu?"

"Ni mimi, bwana."

"Tangu mwanzo?"

Hapa ndipo penye upuuzi wenyewe. Ule wa uji ulikuwa mdogo. Mimi nilisema mara moja tu. Lakini kabla sijafungua kinywa, mama alipoanza wimbo wa kwanza na wa pili, mstari wake ulikuwa tayari unamrudia kutoka nyuma, na mara zote mbili alisita. Nilidhani rafiki yangu amejificha mahali ananitangulia mzaha, nikamwonea wivu. Sasa karani ananiuliza kama kazi yote ni yangu. Wanawake waliobaki wananitazama, mafundi wawili juu ya ngazi wananitazama, na mmoja wao bado anajifuta machozi ya kicheko. Nani angekataa sifa kama hizo?

"Tangu mwanzo," nikasema.

Karani akachomoa kalamu sikioni, akafungua kitabu chake cheusi, akaandika kwamba mwangwi uliosikika ukumbini ulifanywa na mtoto wa manju, naye amekiri. Akakifunga kitabu kwa furaha. Wakati ule sikujua kwa nini amefurahi. Leo najua, na nikikumbuka sura yake ile nasikia mikono inaniwasha.

Hebu niwaeleze ukumbi wenyewe. Ulijengwa nje kidogo ya mji, upande wa stesheni, na tuliambiwa utakuwa wa kisasa kuliko wowote katika jimbo letu: watu watasikiliza kwaya, bendi na hotuba wakiwa wamekaa kama watu, hawatasimama tena uwanjani wakilambwa na vumbi. Mbele ni mwembamba, nyuma unapanuka. Ukuta wa nyuma haukunyooka. Umepinda kama ndani ya chungu kikubwa kilichopasuliwa katikati kikasimamishwa, na wameupiga lipu ya saruji, wakaulainisha, wakaupaka chokaa nyeupe hadi ukiutazama mchana unafumba macho. Dari nayo ni laini. Sakafu ni saruji nyekundu iliyosuguliwa. Mabenchi yamefungwa sakafuni kwa boliti, yote yanatazama mbele, mtu asije akasogeza lake. Na mbele, ukingoni mwa jukwaa, katikati kabisa, karani alipaka kwa mkono wake alama ya msalaba kwa rangi nyekundu. Hapo ndipo mwimbaji asimame. Si hatua moja kushoto, si hatua moja kulia.

Mchanga wa ule ukuta mama na wenzake waliubeba vichwani kutoka mtoni msimu mzima wa kiangazi. Waliambiwa: bebeni, siku ya ufunguzi mtaimba ninyi. Nami namjua mama. Hakuwahi kuimba mahali penye paa. Alipoambiwa hivyo alianza kutunga, akawa anaimba chini chini hata akipepeta, hata akikamua ng'ombe, mpaka ng'ombe nao wakajua kiitikio.

Basi, wiki moja baada ya uji wangu, wakaitwa kufanya mazoezi tena. Mimi sikuwapo. Nilikuwa shuleni, tena kwenye baraza la ofisi ya mwalimu mkuu, nikipokea viboko vinne kwa ajili ya ule uji. Kwa hiyo ushahidi ninao na niliukalia kwa taabu siku tatu.

Rafiki yangu ndiye aliyenisimulia, maana dada yake ni mwitikiaji. Mama alisimama juu ya alama kama alivyoamriwa. Akatupa mstari wa kwanza. Ukuta ukamrudishia mstari mzima, wazi, kwa sauti yake mwenyewe. Mama akanyamaza kuupisha umalize. Wenzake, walioona amenyamaza, wakadhani amesahau, wakaitikia. Ukuta ukaitikia nao, ukiwa nyuma yao kidogo, kwa hiyo sauti zikawa mbili, kisha tatu, na mpiga ngoma akashindwa kujua ashike ipi. Mama akaanza tena, akajibiwa tena, akapisha tena. Mara nne.

Karani akapanda jukwaani. "Mama, tumekwishachoka na mtoto wako!"

"Mtoto wangu yuko shule," mama akasema.

"Toka huko chini!" karani akayapigia kelele mabenchi, na yeye mwenyewe akapiga magoti kwenye sakafu nyekundu, akachungulia. Hakukuwa na kitu ila maganda ya karanga. Alipoinuka, magoti yamekuwa mekundu, akasema: "Basi ana wenzake. Alishakiri. Nimeandika."

"Bwana karani, nyumba hii inajibu yenyewe," mama akasema. "Mimi siwezi kuimba juu ya mtu anayejibu."

"Nyumba haina mdomo, mama. Ninyi ndio hamna mazoezi."

Mama alirudi nyumbani. Alisaga mtama. Alisaga mpaka unga ukawa kama wa kupaka usoni. Nilikaa karibu naye nikitaka anipige, nipumue. Hakunipiga. Hasira ya mama isiyokuwa na kofi ni mbaya sana. Haina mwisho unaojulikana.

Nami nikaanza kukasirika. Kwanza nilijikasirikia mwenyewe, lakini hilo halikudumu, sina kipaji nalo. Nikamkasirikia karani. Ule wangu ulikuwa mzaha wa mtoto, naye aliuchukua akausiliba kwenye ukuta wake kama fundi anayeziba ufa. Kila aliyesema ukumbi una mwangwi aliambiwa: yule mtoto alishakiri. Mafundi walisema, wakaambiwa hivyo. Mwalimu wetu wa kwaya aliyejaribu kufundisha mle alisema, akaambiwa hivyo. Mimi, kijana wa darasa la saba nisiyeweza hata kupiga mluzi sawasawa, nikawa ndiye sauti zote za mji wa Shinyanga.

Siku mbili kabla ya ufunguzi akaja msanifu aliyeuchora ukumbi. Alikuja kwa treni kutoka pwani, Mzungu mrefu mwenye makaratasi yaliyokunjwa kama mkeka na furushi kubwa la pazia jekundu la jukwaani. Nilitoroka vipindi vya mchana nikaenda kumtafuta. Nilimkuta peke yake ndani. Hata kumwamkia sikumwamkia. Nilipanda jukwaani, nikasimama juu ya alama, nikapiga kofi moja.

Paa. Halafu, kutoka nyuma: paa.

Msanifu akageuka polepole. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kila neno limefuliwa. "Kijana, rudia."

Nikarudia. Akaja yeye mwenyewe, akasimama juu ya alama, akapiga. Akasogea hatua tatu kushoto, akapiga: ukuta ukajibu kwa unyonge. Akarudi katikati: ukajibu kwa nguvu zote. Akavua kofia.

"Sauti ni kama mpira," akaniambia. "Ukiurusha kwenye ukuta mgumu, unarudi. Ukiurusha kwenye gunia la pamba, unaanguka hapo hapo. Na ukuta uliopinda hivi huikusanya mipira yote, ukamrushia mtu mmoja."

"Anayesimama kwenye msalaba."

"Huyo."

"Sasa kwa nini uliupinda?"

"Haikuwa shida kuupinda. Ulitakiwa uvikwe." Akafungua karatasi moja, akanionyesha: mbao zenye vitundu, nyuma yake sufi, juu yake kitambaa kizito, ukuta mzima kutoka chini hadi darini. Ilichorwa vizuri, haki ya Mungu, unaweza kuilalia.

"Nani kauvua nguo?" nikauliza.

Akacheka kidogo, akaacha. Kamati ilimwandikia barua kwamba ukuta mweupe mtupu unapendeza zaidi, unang'aa kwenye picha, na mbao zitaleta mchwa. Naye akajibu kwamba anakubali. Alisema hivyo akikunja karatasi: "Nilikubali."

"Lakini utawaambia?"

"Nitawaambia leo jioni. Wanakuja kukagua."

Nilimwamini. Nataka mjue kwamba nilimwamini mtu mzima kwa sababu amenionyesha mchoro mzuri.

Jioni walikuja, karani na wanakamati watatu. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya alama nikiwa nimekumbatia magoti. Upande ule madirisha yalikuwa bado yamezibwa kwa mbao na kulikuwa na giza, hawakuniona. Wao wakaenda nyuma kabisa, wakasimama wakiutazama ukuta wao mweupe, migongo kwangu, wakiongea kwa sauti ya chini kama watu wanaogawana siri. Na ukuta ukanirushia mpira mmoja mmoja. Nilisikia hata karani alivyomeza mate.

"Haya, bwana msanifu. Ukumbi una kasoro yoyote?"

Kisha sauti ile ya kitabuni: "Ukumbi hauna kasoro. Waimbaji wenu hawajazoea nyumba ya kisasa."

"Ndiyo ninayosema kila siku!" karani akasema. "Na ule mwangwi, yule mtoto alishakiri."

Nikasikia karatasi zinakunjwa. "Ndiyo," msanifu akasema. "Alishakiri."

"Wale wanawake tutawapa nyimbo mbili, mwishoni, polepole, bila ngoma. Wakivuruga mbele ya wageni, basi. Kwaya ya shule na santuri zinatosha. Wao watahamia jikoni, wageni watakuwa wanakuja kila mwezi, watahitaji kula. Yule mama pia."

Niliruka juu nikapiga kelele: "Mwongo!"

Neno likaenda hadi nyuma, likageuka, likanirudia usoni kama kofi: mwongo! Nilisimama pale nikiwa nimelipokea. Kisha nikatoka mbio kwa mlango wa pembeni, na karani nyuma yangu anauliza nani huyo, nani huyo, na ukuta nao unamuuliza yeye.

Nilifika nyumbani jua linazama. Mama alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Nikamwambia yote, bila mzaha hata mmoja, jambo lililomfanya anishike paji la uso kuona kama nina homa. Nilimwambia vile vile kwamba siku ile ya uji nilisema mara moja tu, na yaliyotangulia nilijitwalia. Hapo mkono wake uliondoka usoni pangu.

"Kwa hiyo walipouliza, ukajifanya wewe ndiye nyumba."

"Ndiyo, mayu."

"Kwa ajili ya nini?"

"Walikuwa wanacheka."

Akachambua choroko kwa muda. Nikamweleza habari ya jikoni. Alichambua kwa kasi zaidi, na vijiwe alivyotoa alikuwa anavirusha mbali, kimoja kikampata kuku.

"Jikoni," akasema. "Mimi." Kisha: "Ulisimama wapi?"

"Mayu?"

"Siku ya uji. Nionyeshe."

Akasawazisha choroko kwenye ungo kwa kiganja, akachora kwa kidole: huku kwembamba, huku kupana. Nikaweka kijiwe kimoja nyuma, karibu na ukingo wa ungo. "Hapa. Hatua chache kutoka ukutani. Nilizungumza na ukuta, nikawapa mgongo."

"Na nikasikia kama uko begani mwangu." Akaweka punje mbele. "Hapa kwenye jukwaa, nyuma ya mwenye kusimama, kuna nini?"

"Pazia. Limekuja leo. Zito, kama blanketi kumi."

"Linajibu?"

Nikafikiri. Nilikuwa nimelipigia makofi kabla ya ukaguzi, mafundi walipomaliza kulitundika, kwa uchokozi tu. "Halijibu. Linameza."

Mama akakitazama kile kijiwe na ile punje. Halafu akachanganya choroko zote kwa mkono, mchoro ukapotea. "Siku ya ufunguzi ukae karibu na kamba ya pazia," akasema. "Nikikutazama, lifunge. Na ukicheka, ng'wanone, ukicheka tu, sitakuwa na mtoto wa kiume." Anaponiita mtoto wangu kwa Kisukuma huwa hatanii.

Siku ya ufunguzi watu walikuja kutoka kila upande. Wakulima wa tumbaku kutoka Ushetu, wafugaji na fimbo zao, na lori zima la wachimba dhahabu kutoka Geita, waliokuwa wamepiga miluzi njia nzima na hawakuona sababu ya kuacha. Wakubwa walikaa mbele, mabenchi yao yametandikwa mito. Wanakijiji walijazana nyuma, wengine wamesimama wakiuegemea ukuta, na karani anapita anawaambia wasiuchafue.

Mgeni wa heshima alisimama juu ya alama kuhutubia. Alisema sentensi moja, ikamrudia. Akasita. Akaangalia huku na huku. Akasema ya pili, ikamrudia. Mtu mwenye cheo kile hajazoea kurudishiwa maneno. Alifupisha hotuba, akakaa, akapigiwa makofi mara mbili, yetu na ya ukuta. Kwaya ya shule iliimba. Walio katikati mbele walisikia kwaya mbili zikigombana. Msanifu alikuwa benchi la kwanza, anatazama viatu vyake. Watu wazima wote mle ndani wenye tai walisikia, na wote wakatazama mbele kama hawakusikia. Nilishika ile kamba ya pazia nikaikaza hadi ikaniumiza kiganja.

Karani akasimama juu ya alama yake. "Sasa akina mama. Nyimbo mbili. Polepole."

Jukwaani hakuja mtu.

Mlango mdogo wa nyuma ukafunguliwa. Mama akaingia na wenzake, miguuni njuga, wakawaambia walioegemea ukuta, "Tupisheni, tupisheni, baba," wakajipanga kwenye ule upinde mweupe, migongo ikikaribia kuugusa, mstari mmoja kutoka kona hadi kona. Mama akasogea mbele yao hatua chache. Pale pale kwenye kijiwe.

"Mama!" karani akaita. "Mbele! Alama iko huku mbele!"

"Ninaiona alama yako, baba," mama akamjibu. "Wewe baki juu yake."

Akanitazama. Nikavuta kamba. Pazia likafungika nyuma ya karani, yeye akabaki ukingoni, peke yake mbele ya ule wekundu, kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mama akaanza:

*Nyumba yangu ina mlango, ina paa,*
*nyumba yangu imesimama bila nguo.*

Sauti ikatoka kwake, ikachukua na ya ukuta humo humo, ikaja mbele kwa upana wote, nene, safi, ikafika kwenye pazia, ikazama. Haikurudi. Nilimwona mama akisubiri. Alisubiri kwa adabu zake zile zile, kuupisha ukuta useme kama una la kusema. Ukuta haukuwa nalo. Ndipo wenzake wakaitikia, mguu mmoja chini, njuga zikapiga kama mvua ya kwanza kwenye mabati:

*Kaivua nani? Mwulize mwenye kalamu!*

Mabenchi yamefungwa kwa boliti, nimekwisha kuwaambia. Waliokaa nyuma sasa ndio waliokuwa mbele, na waliotandikiwa mito ndio wakawa wa mwisho. Wachimba dhahabu walipanda juu ya mabenchi wakageuka wote kwa pamoja. Wafugaji waliruka migongo ya mabenchi. Wakubwa walijaribu kugeuza shingo tu, kwa heshima, kisha mabega, kisha mgeni wa heshima mwenyewe akasimama, akaligeuzia pazia mgongo, na wengine wote wa mbele wakalazimika kusimama naye. Wachache waligoma, wakaendelea kulitazama pazia mpaka mwisho kana kwamba litaimba.

*Mchanga tuliubeba, maji tuliyabeba.*
*Kaivua nani? Mwulize mwenye kalamu!*

Na karani? Karani alikuwa juu ya msalaba wake, pale ambapo mipira yote inakusanyika. Kila neno lilimwingia sikioni kama limenong'onwa na mtu mmoja aliyemkaribia sana. Nilimwona anajipapasa sikio. Alitaka kushuka, lakini angeonekana anakimbia. Sikucheka. Niliuma kola ya shati langu hadi ikachanika, lakini sikucheka.

Waliimba nyimbo nne. Hakuna aliyethubutu kuwakatiza.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hasira yangu yote niliyowaletea hapa nimeileta kwa ajili ya haya. Makofi yalipotulia, msanifu alisimama, akaomba kusema. Nikajua sasa atasema. Nilitaka sana aseme. Mtu huyu alikuwa amevua kofia mbele yangu!

"Kama mlivyojionea," akasema, "ukumbi huu ulikusudiwa kuimbiwa pande zote mbili."

Wakapiga makofi. Mgeni wa heshima akampa mkono. Karani akampa mkono, akachomoa kalamu yake kwenye sikio lile lile, akaandika. Nilitaka kumrushia mmoja wao kiatu, ila sina viatu.

Ukuta uko vile vile hadi leo, mweupe, mtupu. Picha zilipigwa na kweli unang'aa. Kwenye kitabu cheusi mimi bado ni mwangwi. Nilikwenda kuomba wanifute, karani akaniambia kilichoandikwa kwa wino hakifutwi, na kama nataka naweza kuandikisha kukiri kwingine chini yake. Mbao na sufi hakuna aliyezitaja tena. Wameandika tangazo mlangoni kwamba akina mama wanakaribishwa kuimba mwezi ujao, mahali pa kusimama wataonyeshwa na karani.

Jioni ile tulirudi kwa miguu, mama mbele, mimi nyuma nimebeba njuga za watu sita. Wenzake walikuwa wanaruka na kuigiza jinsi karani alivyojipapasa sikio, yeye alikuwa anatembea tu, haraka, kama anayewahi mvua. Nikamkimbilia, nikamuuliza kama amesikia kwamba wamemwita tena mwezi ujao, na kama atakwenda. Akatema mate pembeni ya njia. Alisema hivi, na nimeyaandika kama yalivyotoka:

"Koo linaniuma. Nimeimba nikiwa na hasira na ninyi mnapiga makofi tu. Mle ndani sirudi mpaka waje hapa nyumbani, wakae chini, waniulize mimi nisimame wapi. Na wewe acha kunikimbilia miguuni, zishike vizuri hizo njuga za watu."